Ubavu Mtupu wa Zaina

Kurasa hizi niliziandika Kamina, wakati wa vita. Kalamu ilikuwa yangu. Anayezichapa hapa ni mtu mwingine, maana macho yangu siku hizi hayapatani na kioo cha simu. Nimemwambia asiguse kitu, hata pale nilipomtukana mtu.

*

Kamina, Alhamisi. Mvua asubuhi, jua kali sasa. Mimi sina hali.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye sakafu ya baraza ya dispensari, mgongo ukutani. Mkono wa kushoto umeshika mguu wa mdogo wangu Zaina, nijue kama bado unatetemeka. Mkono wa kulia unaandika, kwa sababu usipopewa kazi utampiga mtu.

Zaina ana homa.

Kwa mtu mwingine hapa mjini hiyo si habari. Homa kwetu inaingia bila kupiga hodi, inakaa, inakunywa chai, inaondoka. Ila kwa Zaina ni jambo la kufa na kupona, na katika baraza hii nzima anayelijua hilo ni mimi peke yangu. Muuguzi halijui. Amekwisha kutuambia twende nyumbani.

Siendi.

Acha niandike ilivyokuwa, labda hasira itapungua. Zaina ni kitinda mimba wa marehemu mama yetu. Mwaka juzi figo zake zilianza kuvuja. Alivimba miguu, akavimba uso, mpaka pete ya mama tukaikata kidoleni. Daktari wa misheni akampa vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, kwa sababu kinga yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikizishambulia figo zake. Uvimbe ukashuka, mashavu yakabaki ya mviringo kama andazi. Tulimtania hadi akageuza kioo kikatazama ukuta.

Lakini kinga ikishatulizwa, nyumba inalala mlango wazi. Msimu wa mvua uliopita vijidudu viliingia mapafuni mwa Zaina, kutoka hapo vikapita kwenye damu. Alipoteza fahamu. Tulimsomea dua anazosomewa mtu anayekwenda. Shangazi alikwisha kutoa sanda sandukuni, ingawa hadi leo anakana.

Akarudi. Bandama yake haikurudi.

Daktari alinikalisha mbele ya hadubini, nikatazama damu ya mdogo wangu. Ndani ya chembe zake nyekundu mlikuwa na vidoa vidogo vyeusi. Akasema bandama hai ingevifagia vyote, na kuviona pale maana yake hakuna anayefagia. Nikamwambia sielewi. Akauliza kama nyumbani tunacheketa unga. Basi, akasema, bandama ndiyo chekeche ya damu, inakamata uchafu na vijidudu. Ya Zaina imeunguzwa na ule ugonjwa, imenyauka, haifanyi kazi tena. Ameze penisilini kila siku, bila kuacha. Na homa ikija, yoyote ile, hata ikionekana ndogo, achomwe sindano siku hiyohiyo. Alisema usingoje jua lizame.

Halafu vita vikasogea, ndege ikaja, daktari akaondoka nayo. Simlaumu. Ila ujuzi wake kuhusu mdogo wangu aliuacha kichwani mwangu peke yangu, na kichwa changu kina kazi nyingine, kimeoa biashara ya chumvi na mahindi.

Sasa nifike kwa Shangazi Amisa.

Shangazi ni dada wa baba, ndiye aliyetulea. Watu wetu walitoka Maniema zamani na mizigo ya biashara, lakini yeye alizaliwa hapahapa, na mkono wake unajulikana mtaa mzima. Kwetu mtoto akipata homa mara kwa mara, analazwa chali kwenye mkeka, na mwanamke mzee anamminya ubavu wa kushoto, chini ya mbavu, kwa ncha za vidole. Akigusa kitu kigumu, hiyo ni bandama imevimba. Atachukua wembe, atamchanja chale ndogo palepale, atapaka majivu ya mizizi. Baada ya muda ataminya tena. Akikuta ubavu mtupu, ni furaha, watu wanashukuru. Watoto wengi wa mtaa huu wana chale za Shangazi. Zaina anazo, mistari mitatu, maana bandama yake ya utotoni ilikuwa sugu, na Shangazi alipigana nayo miaka mingi kama mtu anayepigana na mke mwenza.

Nilikwenda Kaniama kununua mahindi. Safari ya vita si safari. Lori lilikwama, askari wakalichukua, tukangoja jingine, likakwama nalo. Nilirudi jana alasiri, matope hadi kiunoni. Uani nikakuta manyoya ya kuku yametapakaa, sufuria la wali linakombwa, na majirani wananipongeza.

Shangazi alinipokea kwa mikono miwili.

"Sakina, kuya uone! Bandama ya huyu mutoto imeisha! Niliminya, niliminya, haina kintu. Mungu njo mukubwa."

Nilicheka naye. Naliandika hili kwa sababu ni kweli. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, nikala ule wali wa shukrani, nikausifu. Sikuuliza kitu. Nilidhani vidonge vinaendelea kama kawaida na Shangazi amejipatia sherehe yake tu, hakuna ubaya. Nililala kama gogo.

Asubuhi nikamkuta Zaina amejikunyata kwenye kanga mbili, meno yanagongana. Nikauliza penisilini ya leo ameshameza? Akatazama pembeni.

Alikuwa ameacha tangu nilipoondoka, siku Shangazi alipomminya.

Vile vidonge vya figo aliendelea navyo, kwa sababu uvimbe anaujua, ameuona kwenye kioo. Penisilini ilikuwa ya kumlinda na kitu asichokiona. Mtu wa umri wake, amechoka kumeza dawa kama bibi kizee, anaambiwa na mkono uliomlea kwamba amepona. Nani asingeamini? Hata mimi ningetaka kuamini.

Na vidonge viko wapi? Hapo ndipo Shangazi alipokuja na maji ya moto mkononi, akajibu bila wasiwasi wowote.

"Zile dawa nilimupa mama wa Kabongo juu ya mutoto yake. Zaina alishapona, angemeza ya nini tena? Mutoto ya bantu alikuwa anakufa mu jiko yetu."

Mama wa Kabongo ni mkimbizi, Kabongo ndio mji wao. Amelala jikoni kwetu na kitoto chake tangu vita vilipomfukuza kwao. Kitoto kilikuwa kinakohoa hadi kinakuwa cha bluu. Sasa hakikohoi. Kilikuwa kimekaa mlangoni kinatafuna mfupa wa kuku wa shukrani, kikanichekea.

Nakiri kwamba nilikichukia. Kwa kitambo kidogo nilitamani kisingepewa. Kisha nikaona haya, na haya ikageuka hasira, na hasira nikaimwaga yote kwa Shangazi. Nilimwambia mbele ya watu kwamba amemuua Zaina. Nilimwambia bandama haikupona, imekufa, na yeye amemchinjia kuku maiti. Neno hilo lilitoka, na lilipotoka niliona uso wake unavyobadilika.

Sikubaki kuutazama. Nilimpakia Zaina kwenye baiskeli ya jirani, yeye juu ya kiti, mimi nasukuma.

Njia ya kuja hapa si ndefu. Siku za amani unafika kabla hujamaliza kusengenya mtu mmoja. Leo tulisimamishwa kwenye kizuizi karibu na njia ya reli, kwa sababu malori ya majeruhi yalikuwa yanatoka kiwanja cha ndege. Askari aliyetuzuia ni wa nchi ya kigeni, mmoja wa waliokuja kuisaidia serikali. Hajui Kiswahili, hajui Kifaransa, na mimi lugha yake siijui. Nilimshika Zaina paji la uso, nikamwonyesha. Akatikisa kichwa kwa huruma, bunduki ikabaki palepale. Sidhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na amri, na mimi nilikuwa na jua linalopanda.

Malori yalipita. Nyuma ya moja niliona miguu mingi imepangwa kama kuni, baadhi ina viatu. Zaina, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, aliuliza, "Yaya, bale bote banaenda kwa munganga wetu?" Nikasukuma, maana nami nilikuwa nafikiri hivyohivyo, kwamba hawa wote watatutangulia kwa mganga.

Hospitali kubwa imejaa majeruhi, raia wanaelekezwa hapa dispensari. Na hapa muuguzi ni mmoja, Ilunga, kijana wa mtaani kwetu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Majeruhi wamelala hadi kwenye ngazi. Namwandika kwa haki: hajakaa chini tangu nimefika.

Alimlaza Zaina kwenye benchi. Na unajua alianza na nini? Vidole. Ubavu wa kushoto, chini ya mbavu. Aliminya, akasogeza, akaminya tena. Nikaona bega lake linashuka kwa nafuu, kama Shangazi kabisa.

"La rate haiko kubwa. Sisikii kintu. Iko palu ya kawaida. Kamata kinini, muende nyumbani. Shindano iko ya bale benye kuumia."

Kwa Kifaransa chao cha hospitali la rate ndiyo bandama, na palu ndiyo malaria. Nilimweleza. Nilimweleza hadubini, vidoa, chekeche. Nilimweleza figo na vidonge vya kutuliza kinga. Nilisema kwamba huo utupu anaousikia chini ya vidole ndio ugonjwa wenyewe. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza redio yenye mawimbi mabaya. Bandama ife, mtu abaki mzima akitembea? Aliuliza kama daktari alisema hivyo kweli au ni mimi nimesikia vibaya kwa hofu. Kisha mtu akapiga kelele ndani, akaenda.

Nilimfuata hadi mlangoni, nikapaza sauti. Alijibu kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko ukali. Alisema sindano zilizobaki ni chache, na kila anayompa mtu mmoja anamnyima mwingine, kwa hiyo hawezi kuitoa kwa palu isiyo na bandama.

Palu isiyo na bandama. Hapo nilimtukana. Nilimwita mbuzi. Hili nalo silifichi.

Tangu hapo niko hapa sakafuni. Jua limevuka katikati ya mbingu. Zaina ananiambia, meno yanagongana, "Yaya Sakina, usimupige munganga. Ngoja anichome kwanza, kisha umupige." Nimecheka na machozi yamenitoka pamoja, na yeye pia alilia.

*

Naendelea. Naandika haraka, herufi zitakuwa mbaya.

Nilikuwa nimeinamisha kichwa nikasikia watu barazani wanasalimu. "Jambo Mama Amisa." "Jambo mama." Shangazi alikuwa amekuja kwa miguu, ushungi umelowa jasho, viatu mkononi. Yule askari wa kizuizini alimwachia apite. Ningependa kujua alimwambia nini, na kwa lugha gani.

Nakiri tena: sikufurahi. Nilitaka abaki nyumbani na hatia yake, mimi nibaki hapa na haki yangu. Nilidhani amekuja kujitetea.

Hakunitazama. Alimpita Zaina, akamgusa tu kichwani, akaingia moja kwa moja ndani alikokuwa Ilunga, kati ya majeruhi, mahali ambapo mimi niliishia mlangoni. Nikanyanyuka nikamfuata.

Inabidi nieleze kitu kuhusu Ilunga. Alipokuwa mdogo tumbo lake lilikuwa kubwa kuliko yeye. Mama yake alimleta uani kwetu, na Shangazi alimchanja. Mimi nilishika miguu, maana alikuwa anapiga mateke. Chale hizo anazo hadi leo chini ya blauzi yake nyeupe ya uuguzi. Alisoma shule ya wauguzi, ana cheti, lakini vidole vyake vilijifunza kwanza kwa kuminywa na vidole vya Shangazi.

Shangazi alisimama mbele yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, na wote waliolala pale wakasikia.

"Ilunga, mutoto yangu. Ubavu yako nani alikata?"

"Weye, mama."

"Miye njo nilikukata, na ulipona. Sasa sikia. Huyu Zaina niliminya, nikakuta haiko kintu, nikachinja kuku, nikaita bantu. Nilikosa. Mukono yangu ilinidanganya. Ile mukono yako iko mutoto ya mukono yangu, nayo inakudanganya vilevile. Sakina alisikia kwa munganga mukubwa, miye sikutaka kusikia. Muchome shindano."

Ilunga alitazama vidole vyake.

Najua Shangazi ni nani katika mtaa huu. Najua ana umri gani, na ni watoto wangapi wa watu wameletwa kwenye mkeka wake kwa sababu mkono wake haukosei. Kusimama mbele ya kadamnasi na kuukana mkono huo, hiyo si kazi ndogo. Mimi, kwa ulimi wangu wote huu, nisingeweza. Majeruhi mmoja, bandeji hadi machoni, ndiye aliyetangulia kujibu. Alisema, "Munganga, tosha yangu. Muchome huyu." Alikuwa anatoa sindano yake mwenyewe. Sijui jina lake. Sijui hata ni wa upande gani.

Ilunga alimjibu kwamba yake ipo, asiwe na wasiwasi. Kisha akafungua kabati.

Alimchoma Zaina penisilini kwenye mshipa, akatundika na chupa ya kinini, kwa sababu alisema kama kweli hakuna chekeche, basi hata malaria yenyewe itapita yote. Nilipomsikia anasema chekeche nilijua alikuwa ananisikiliza tangu mwanzo. Nikamwomba radhi kwa neno mbuzi. Akasema leo ameitwa mabaya zaidi.

Sasa tunangoja.

Saa ya kufunga njia inakaribia, baada ya hapo askari hawaruhusu mtu barabarani. Nilimwambia Shangazi arudi nyumbani wakati bado kuna mwanga. Alikaa chini, akakunja miguu, akafunga ushungi vizuri. Kwake hilo ndilo jibu.

Bado hatujasemezana juu ya asubuhi. Nina maneno ya kuyarudisha na sijui yanarudishwaje. Nimempa nusu ya muhogo wangu, ameupokea. Kwetu hapo pana maana.

Kitambo kilichopita alinyoosha mkono, akauweka kwenye ubavu wa kushoto wa Zaina, juu ya zile chale za zamani. Nadhani mkono ulikwenda wenyewe. Haukuminya. Ulikaa tu.

"Miaka yote ile nilikuwa ninapigana nayo," akasema. "Kumbe njo ilikuwa inamulinda. Sasa nani atalinda hapa?"

Nimekuwa nikilitafuta jibu tangu wakati huo, na lililopo ni dogo na halina fahari: vidonge kila asubuhi, sindano kila homa, na sisi wawili kuacha kugombana ili tuwe na macho manne. Kesho nitatafuta penisilini, hata ikibidi niuze mahindi yangu yote. Na sitamnyang'anya mtoto wa Kabongo alichobakiza. Amalize dozi yake. Naye ana mama.

Mguu wa Zaina umeacha kutetemeka.

Nimeushika kwa nguvu zaidi. Una joto. Sijui kama ni dawa inafanya kazi au ni mwili umechoka kupigana. Ilunga amepita, amemtazama, na mimi naogopa kumuuliza. Shangazi midomo yake inatembea, anasoma kimoyomoyo. Sanda naomba iwe imebaki sandukuni.

Jua limegusa paa la gare, stesheni ya reli. Daktari alisema nisingoje lizame, na Mungu ni shahidi sikungoja. Nilisukuma baiskeli, nilipiga kelele, nilitukana. Shangazi alivua heshima yake akaitandika chini ili sindano ipite.

Je, tumewahi?

*

Yaya, nimechapa yote kama ulivyoandika, na sikurekebisha hata lile la andazi. Ila pale barazani mimi sikulia. Ulikuwa ni jasho. Shangazi angekuwa hai angekuambia.

Ubavu bado mtupu. Kidonge cha leo nimeshameza.

Z.